Fomu ya Kumzika Ajuza

Sikutia saini. Meneja alinisukumia fomu mara mbili juu ya meza yake, mara ya tatu akaniwekea na kalamu, nami nikaiacha mikono yangu mapajani.

"Mama, ni mashine tu hii," alisema. "Fundi ameshathibitisha imekufa, kasaini. Imebaki saini ya dereva. Bila saini zote mbili stoo hawaiachii."

"Dereva hajaiona maiti," nikamjibu.

Dereva ni mimi. Miaka kumi na tisa nimekata nyasi za chuo hiki juu ya mashine ya kupanda, yenye kiti na usukani, ambayo wafanyakazi wote wanaiita Ajuza. Sasa meneja alikuwa amepata kampuni ya vijana wenye mashine za begani, na lori la vyuma chakavu lilikuwa linakuja saa sita mchana kumchukua Ajuza. Mimi nilipangiwa ufagio wa mabweni. "Kazi nyepesi kwa umri wako," aliniambia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi. Nani alimlalamikia kuhusu umri wangu?

Saa ya ukutani ilisema saa nne. Nikamwomba muda wa kuiangalia mashine mwenyewe.

"Mpaka lori lifike," akasema. "Lakini usijichoshe, mama."

Bandani nilimkuta shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, fundi wa magari ya chuo. Ndiye aliyeandika kwamba Ajuza amekufa. Watu wanamwita Spana Moja, kwa kuwa hajawahi kukubali kwamba kazi yoyote inahitaji ya pili.

"Shemeji, umekuja kumuaga marehemu?"

"Nimekuja kumpima mapigo. Wewe ulimpima wapi?"

"Betri nimeweka mpya. Fyuzi nzima. Ukizungusha ufunguo anasema tik, basi. Stata imeungua hiyo."

"Uliifungua?"

Akapangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Fundi mzoefu hafungui kila kitu, shemeji. Anasikia."

"Haya, leo mimi nifungue, wewe usikie."

Ajuza alikuwa anang'aa kijani. Wiki mbili nyuma, nikiwa likizo, chuo kilitembelewa na wageni wakubwa, na meneja aliamuru kila kitu kipakwe rangi: mawe ya njiani, vigogo vya miti, hata bomba lililokatwa maji mwaka juzi. Ajuza naye akafunguliwa, akapakwa mpaka uvunguni. Wageni wakapita mbele yake bila kugeuza shingo, na tangu siku hiyo hakuwaka tena. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nina taa ndogo ya indiketa niliyoiunga nyaya mbili. Ndiyo kipimo changu. Niligusisha waya mmoja kwenye chanya ya betri, wa pili kwenye hasi, taa ikawaka nyeupe. Betri haina kosa. Nikauacha ule wa pili kwenye hasi, wa kwanza nikaupeleka kwenye stata, mota inayoamsha injini, nikazungusha ufunguo. Ikawaka vilevile.

"Si nilikwambia!" Shemeji akapiga paja. "Umeme unafika, stata haizunguki. Imekufa!"

Nilijiona kabisa nimeinama kwenye korido ya bweni, wanafunzi wananiruka na ndoo yangu. Halafu nikapandwa na hasira, na hasira yangu ina faida moja, inanipa nguvu za mikono. Nikaifungua stata, nikaibana kwenye jiliwa la mezani, nikaiunga moja kwa moja na betri kwa kebo za kuamshia magari. Ikazunguka kwa kishindo, meza nzima ikatetemeka.

"Huyu ndiye maiti wako?" nikamuuliza.

Nikairudisha stata mahali pake. Saa tano na nusu ilikuwa imepita.

Betri nzima, stata nzima, umeme unakwenda. Basi tatizo ni kurudi. Umeme lazima urudi nyumbani kwake, na njia yake ya kurudi kwenye betri ni waya wa hasi, ule mnene unaofungwa kwa bolti kwenye fremu. Niliukwangua ubavu wa fremu kwa bisibisi mpaka chuma kikaonekana, nikapima kutoka chanya mpaka pale. Taa ikatoa wekundu hafifu, ikakaribia kuzima.

Nikalegeza bolti. Chini ya kichwa cha waya palikuwa na rangi ya kijani, nzito, laini, imepakwa kwa bidii. Waya ulikuwa umefunguliwa, fremu ikapakwa, rangi ikakauka, kisha waya ukafungwa juu yake. Sikuuliza nani alifunga. Mwenye spana alikuwa amesimama mbele yangu, anatazama viatu vyake.

Nilisugua kwa msasa mpaka pakawa peupe, nikakaza, nikapanda, nikazungusha ufunguo. Ajuza akakohoa, akatema moshi, akanguruma. Nilipiga vigelegele peke yangu, na sioni aibu kusema.

Kelele hizo zilimleta meneja, fomu mkononi, lori likiingia nyuma yake.

"Hongera, mama!" alipaza sauti. "Lakini mipango imeshapitishwa! Weka saini tumalize!"

"Nimtilie saini maiti anayekohoa?"

"Nitaandika kwamba umekataa agizo!"

"Andika! Na saa uandike! Na uandike kwamba alikuwa ananguruma ukiandika!"

Akamgeukia shemeji. "Fundi, mwambie shemeji yako. Si ulithibitisha mwenyewe?"

Mficha uchi hazai, tunasema, lakini nani anataka kujivua mbele ya bosi wake? Nilidhani shemeji atanyamaza, na nilikuwa tayari kumchukia mpaka kaburini. Akanyoosha mkono, akaichukua fomu, akailaza juu ya tairi la Ajuza. Akakata saini yake kwa mistari miwili. Chini yake akaandika polepole, akisoma kwa sauti ili sote tusikie: "Mashine nzima. Kosa ni la fundi. Nilifunga waya juu ya rangi."

"Unajua unachofanya?" meneja akamuuliza.

"Leo najua," akasema, akamrudishia fomu.

Meneja akabaki nayo mkononi, haina hata saini moja. Dereva wa lori akachungulia dirishani, akauliza kama kuna mzigo mwingine au ageuze.

"Geuza!" nikamjibu mimi.

Nikaingiza gia, nikashusha visu, nikaanza na nyasi zilizo chini ya dirisha la ofisi ya meneja.