Kizibao cha Zarina

Haya nimeyapata kwa Bi Semeni mwenyewe, mwezi wa Shaabani, mwaka sabini na tisa, alipokuja kwangu Ngamiani, hapa Tanga, kunisaidia kuchambua usufi wa mito ya arusi ya binti yangu. Tulikuwa wawili tu ukumbini. Milango tulikuwa tumeifunga, maana usufi hauvumilii upepo, na nyuzi zake zilitujaa kwenye nyusi na kope. Mimi nikachota konzi ya pamba kutoka kwenye mto mkuukuu, nikataka kuichanganya humo ili mito ijae upesi. Bi Semeni akanishika mkono. Hakunigombeza. Alinishika tu, akaanza kusema, na hakuniachia mpaka alipofika katikati ya hadithi.

Miaka ya hamsini, kabla Uhuru haujatajwa kwa sauti, Bi Semeni alikuwa mshona magodoro na mito, na mji mzima ulimjua. Mumewe, Uweso, alikuwa akiendesha motaboti ya Bwana Shamsuddin, Mhindi mwenye duka la nguo. Bwana huyo alikuwa na binti, Zarina, aliyekwenda kusoma Nairobi akarudi na mapenzi ya mchezo mpya. Kwa asiyeuona mchezo wenyewe: mtu hufunga mbao mbili miguuni, hushika kamba iliyofungwa nyuma ya boti, na boti ikikimbia yeye husimama juu ya maji akaburutwa akiteleza. Wazee wa Raskazone walipouona mara ya kwanza waliuliza huyo msichana kakosa nini hata aadhibiwe hivyo.

Mchezo huo unataka kizibao cha kuelea, hiki ambacho siku hizi watu hukiita jaketi la kuokolea. Basi asubuhi moja ya Ramadhani Zarina akaja kwa Bi Semeni na vizibao vitatu mikononi, hata uso hauonekani.

"Shikamoo, Bi Semeni."

"Marahaba, mwanangu. Umehamisha duka la baba?"

"Nimekuja kwa shida. Uweso anasema mikono yako haina mwenzake mjini hapa."

"Uweso husema hivyo akiwa na njaa."

Zarina akacheka, akavivaa kimoja kimoja juu ya gauni lake. Cha kwanza kilijazwa vipande vya gamba gumu, lile la vizibo vya chupa. Akianguka majini kilimpanda kikamgonga kidevu. Cha pili alikiazima kwa bibi mmoja wa Kizungu mwenye kifua kipana, nacho kilimfika masikioni. Cha tatu kilikuwa cha turubai na usufi, kikimkaa vizuri mpaka anyooshe mikono, hapo ukingo wake ukawa unamkwaruza kwapani. Alimwonyesha Bi Semeni wekundu wa ngozi, kama mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto.

"Nataka kitakachonikaa kama sijavaa kitu," alisema.

Bi Semeni hakuwahi kushona nguo ya baharini. Lakini alijua kwamba godoro hulipimi mtu akiwa amesimama. Alichukua kanga, akampa Zarina ncha moja aishike kama anavyoshika kamba ya boti, akamwambia achuchumae, naye akaivuta ncha ya pili, huku wakizunguka ua mzima. Jirani yake, Mwanamkasi, akachungulia kwenye upenu.

"Semeni! Umeanza kuchunga ng'ombe?"

"Na wewe ukitaka malisho, sema!"

Walicheka wote watatu. Bi Semeni akaona mkono ulipokuwa ukibanwa, akatia alama ya mkaa kwenye turubai, na akakubali kazi.

Alikata kizibao upya. Nje turubai laini lililokwisha kufuliwa mara nyingi, ndani kitambaa chepesi cha bafta, katikati usufi aliouchambua mbegu moja moja. Kilipokwisha, Uweso akakichukua. Mume huyu alikuwa na ada yake: kitu chochote kitakachoingia baharini, hata kata ya kuchotea maji, hakukiamini mpaka akiloweke kwanza. Alikifungia jiwe la nanga, akakitumbukiza chini ya gati tangu adhuhuri hadi alasiri, yeye ameketi hapo hapo akikitazama. Kikaelea na jiwe lake. Alirudi nyumbani amekibeba mabegani kama mwari.

Lakini Zarina alipokijaribu alikunja uso kidogo. "Kifua kizuri. Hapa kwapani tu, na hapa shingoni. Bado kunachoma."

Usufi ndivyo ulivyo. Mwepesi, hautulii, kwenye kona nyembamba hujikusanya vifundo, na mshono hubaki mkavu ukisugua ngozi. Bi Semeni alifumua, akajaza tena, akafumua. Zilibaki siku mbili Idi iingie, na Idi pili binamu za Zarina wa Mombasa wangekuja kumtazama akiteleza. Chini ya kitanda cha Bi Semeni palikuwa na furushi la pamba safi, iliyobaki kwenye godoro la mtoto. Pamba hutulia. Ukiilaza inalala, ukiishona haina vifundo.

Alitoa usufi wote wa kwapani na wa kwenye ukosi, akatia pamba.

"Sikuwa sijui," aliniambia, mkono wake bado juu ya wangu. "Usije ukanitetea kwamba sikujua. Mtoto anayeshinda kwa mshona magodoro anajua kwamba usufi haunywi maji, na pamba inakunywa mpaka inazama. Nilijiambia ni kidogo. Nilijiambia kifua kitambeba. Nilikuwa nataka kuliona lile kunjo la uso limeondoka."

Nalo likaondoka. Zarina alivaa, akanyoosha mikono, akazunguka ua peke yake bila kanga. "Bi Semeni! Kama sijavaa kitu!" Akamkumbatia. Siku ile ile Bwana Shamsuddin alisema dukani, mbele ya wateja, kwamba Waingereza na viwanda vyao vyote hawajaweza kushona kitu kama kile. Maneno hayo yalimfikia Bi Semeni kabla ya magharibi, na yalimpasha moto mwili wote kama chai ya tangawizi.

Asubuhi ya Idi pili Uweso alikishika kizibao, akakipima kwa mkono.

"Nikakiloweke kidogo?"

"Si ulikwisha kukiloweka?"

"Nilikiloweka."

"Basi."

Hakuna neno la uongo hapo, ukiyachukua moja moja. Bi Semeni alisema ameyachukua moja moja kwa miaka ishirini na zaidi.

Pwani palijaa watu wenye nguo mpya. Binamu wa Mombasa walikaa juu ya mkeka chini ya miavuli, na Bi Semeni alipewa nafasi miongoni mwao, naye akakaa amejitanda kanga yake ya Idi. Zarina alipita mbele yao mara mbili, maji yakipasuka pande zote za mbao, na mara ya pili aliachia mkono mmoja akapunga. Mara ya tatu akaanguka.

Watu wakapiga makofi, maana kuanguka ni sehemu ya mchezo. Uweso akazunguka kwa upana, kama inavyotakiwa, panga la mashine linalozunguka chini ya boti lisimkaribie mtu aliye majini. Kichwa cha Zarina kilionekana, na kizibao kikionekana, cheupe. Kisha mabega yakazama. Kisha kidevu. Makofi yalikuwa hayajaisha. Bi Semeni peke yake kati ya watu wote wale alijua anatazama nini, na kinywa chake kikawa kizito kisitoe hata yowe. Hilo la kunyamaza ndilo alilolisema kwa sauti ya chini kuliko yote.

Uweso aliruka na nguo zake za Idi. Alimpata kwa kumvuta kwenye mkanda wa kwapani hata ukakatika. Zarina alitapika maji juu ya mchanga, akalia, akaishi.

Jioni Bwana Shamsuddin alimwita Uweso. Kwa nini alizunguka mbali vile, kama anayezunguka kisiwa? Alikuwa akitazama wanawake wa pwani? Uweso alisema, "Nilizunguka kama siku zote, Bwana." Akatakiwa aurudishe ufunguo wa boti, akaurudisha.

Siku ya pili yake alirudi nyumbani na kizibao kimekunjwa chini ya kwapa.

"Mkanda umekatika. Zarina anataka ukishone. Anakusalimu," alisema, akiwa ameukabili mlango. "Anasema kisingekuwa kizibao chako angekwisha. Na binamu zake wanataka viwili, vinavyokaa vile vile."

Bi Semeni alikipokea. Alikianika uani, maana hakujua kitu kingine cha kukifanyia.

Tokea hapo Uweso hakwenda tena barazani. Sala alizisali msikiti wa mbali, wasikomjua. Mchana alikaa kwenye mkeka na ndimu mbili: moja ni boti, moja ni Zarina. Aliisogeza ile ya boti polepole, akaizungusha, akairudisha. "Ningekatia hapa," akasema peke yake. Kisha, "Hapana, hapa mawimbi yangemfunika." Akaanza tena. Halali usiku, halali mchana. Bi Semeni alimwekea chakula, akakikuta baridi. Mwanamkasi akapita upenuni na kusema, kwa huruma kabisa, "Pole, shoga. Wanaume wakizeeka macho huwa mazito." Bi Semeni akaitikia, "Tumeshapoa." Ulimi wake mwenyewe ulisema hivyo, akausikia.

Na uani kizibao kilikuwa kikining'inia kwenye kamba. Kifua kilikauka siku ile ile, kikatuna. Kwapa zililegea chini kama matiti ya mama mzazi, zikidondosha maji siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tone, kimya, tone. Uweso alipita chini yake kila alipokwenda kutawadha, akiinamisha kichwa.

Siku ya nne Bi Semeni alikiangua. Akachukua mkasi wake, akaenda dukani kwa Bwana Shamsuddin saa tano ya asubuhi, watu wakiwamo. Zarina alikuwa ndani akikunja vitambaa, bado ana ukohozi. Alitabasamu alipomwona.

"Umekwisha kukishona, Bi Semeni?"

Bi Semeni alisogea mezani. Alikilaza kizibao juu ya meza, kati ya majora ya hariri, akakipasua kwapa. Pamba ikatoka kwa bonge, ya kijivu, inanuka uvundo wa chumvi. Aliipasua kwapa ya pili, kisha ukosi.

Mwenye duka aliangalia lile bonge, akaangalia hariri zake, na akayasogeza majora pembeni bila haraka. "Hii nini?"

"Pamba, Bwana. Niliitia baada ya Uweso kukijaribu kizibao. Hakujua. Hakuzunguka mbali."

"Kwa nini uliitia?"

"Nisifiwe."

Wateja walinyamaza kimya cha watu wanaotaka kuyakumbuka maneno vizuri wakayaseme nyumbani. Zarina alichukua kipande cha pamba akakiminya; tone moja likamwagikia kidoleni. Akalitazama. "Mimi ndiye niliyesema kunachoma," akasema polepole, si kwa Bi Semeni wala kwa baba yake. Kisha akakiweka kipande mahali pake, akajifuta mkono kwenye gauni, akaingia ndani. Hakumwangalia tena Bi Semeni, siku ile wala miaka iliyofuata.

"Uweso anajua umekuja hapa?" akauliza Bwana Shamsuddin.

"Sijamwambia lolote."

"Basi umeanza mahali pasipo pake." Alimsogezea mkasi kwa ncha ya kidole. "Mwambie aje kwangu, akitaka. Na uiondoe hiyo mezani."

Bi Semeni aliikusanya pamba ndani ya kanga aliyojitanda, akatoka nayo barabarani kichwa wazi, Tanga nzima ikipita. Alisema hakupata kutembea njia ndefu kama ile, na duka halikuwa hata mitaa sita kutoka kwake.

Uweso alikuwa kwenye mkeka. Bi Semeni akakaa mbele yake, akaziondoa ndimu, akaiweka pamba mahali pake. Alimwambia yote, tangu kunjo la uso wa Zarina hadi lile neno "basi", na wito wa Bwana Shamsuddin. Uweso hakuigusa pamba.

"Nilimshika kwapani nilipomvuta," akasema mwishowe. "Kizibao kilikuwa kizito kama mtoto aliyelala."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Mkono ulijua. Mimi nilikuwa naubishia."

"Na ndimu, mume wangu? Siku zote hizi?"

"Nilikuwa natafuta kona ambayo kosa lingekuwa langu."

Bi Semeni alishindwa kuinua macho. Nje Mwanamkasi alikuwa akitwanga, mchi ukilia sawasawa.

"Uliipata?" akauliza.

"Sijaipata."

Hakusema kama atakwenda kwa Bwana Shamsuddin au hatakwenda. Alijinyoosha pale pale mkekani, akauvuta mto, ule mpana wa usufi aliomshonea walipooana, akaweka kichwa ukingoni kabisa, nusu nyingine akaiacha tupu. Haukupita muda akaanza kukoroma, mara ya kwanza tangu Idi.

Bi Semeni aliitazama ile nusu ya mto. Alisema lingekuwa jambo jepesi kuiwekea kichwa, naye hakuweza. Akajilaza upande wa pili wa pamba, shavu juu ya mkeka mtupu, uso wake umeelekea mgongo wa mumewe, akihesabu mapigo ya mchi wa Mwanamkasi. Na adhana ya alasiri ilipopigwa, naye alikuwa amelala.