Shati la Kenge

"Jirani, mnyama wako yuko chini ya kitanda cha binti yangu, na mimi sihami nyumba yangu kwa ajili ya mjusi."

"Si mjusi, ni kenge," alijibu fundi cherehani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Na hang'ati asipochokozwa."

"Hapo ndipo umenituliza kabisa."

Msusi alisimama mlangoni, kitana kimechomekwa nyweleni, sauti yake ikifika mpaka dukani. Fundi aliivua tepu shingoni. Kenge alikuwa wa mwanawe, aliyekwenda mbali kutafuta kazi na siku hizi simu zake ni za kuhesabu. Kabla ya kuondoka aligeuza kabati lake la nguo kuwa nyumba ya kenge: milango ya kioo, mchanga wa kuchimba, taa ya joto upande mmoja, beseni la maji upande wa baridi.

"Mama, shati langu hili liache humo," alisema. "Ananijua kwa harufu. Usilifue."

Juzi shati lilikuwa limejaa mchanga, na mama ni mama. Akalitia sabunini pamoja na mashuka. Alikumbuka likiwa tayari kambani. Akalinusa mara mbili, tatu. Sabuni tupu. Akakaa kitako pale uani, asijue analilia shati au mwenye shati. Tangu hapo kenge alisusa mayai, akawa anakwaruza kioo, mpaka leo akausukuma mlango, akatoka.

Fundi akamfuata msusi, akapiga magoti kando ya kitanda. Kenge alikuwa amejikunja juu ya koti la buluu, ametulia. Kiraka cha kiwikoni fundi alikijua, alikishona mwenyewe.

"Hili koti la mwanangu limefikaje huku?"

Msusi akamgeukia binti yake. Binti akatazama dari.

"Aliniachia," akasema. "Aliniambia nisilifue."

"Kumbe mimi nasuka vichwa vya watu," msusi alisema, "changu kinasukwa humu humu ndani."

Fundi hakumsikia. Alikuwa ameuvuta mkono wa koti mpaka puani. Jasho, mafuta ya nywele, mwanawe mzima mzima, kana kwamba ametoka sasa hivi kununua kitu na atarudi.

"Mchukue na koti lake, mama," binti alimwambia fundi, sauti ikififia. Hakusema atabaki na nini.

Fundi alimtazama, akaona macho ya mtu anayekaa karibu na simu. Akatoa mkasi mdogo mfukoni.

"Nafumua mkono mmoja tu, huu ndio wa kenge. Koti ni lako." Akaufuata mshono uzi kwa uzi, asiguse kitambaa. "Akirudi mwanangu, nitaushona tena."

Hakuna aliyeuliza atarudi lini. Msusi akachomoa kitana kichwani.

"Haya, mkwe, mrudishe huyo kabatini kwake uje tule. Chakula kinapoa. Na unawe vizuri, umeshika kenge."