Makala Aliyeumwa Mgongo kwa Pongezi

Usiku wa jana niliota nimechelewa kliniki, na mgonjwa niliyekuwa nampeleka ni makala ya kitaaluma.

Haikunishangaza. Ndotoni mtu hashangai, na mimi hata nikiwa macho si mwepesi wa kushangaa, kwa kuwa nimefundisha darasa la tatu miaka mingi. Kilichonisumbua ni muda. Nilijua kwamba lazima nimfupishe huyu Makala, kisha nimjibu, kabla kengele haijalia. Nikishindwa, jina langu linafutwa kwenye masomo ya uzamili, nami narudi kuwaeleza walimu wenzangu walionifanyia sherehe ya kuniaga kwamba nimeangushwa na kazi ya kurasa mbili.

Hilo la kufutwa halikuwa la ndotoni. Ni kweli kabisa. Wiki iliyopita Dokta Simbeye, mhadhiri wetu, alinirudishia kazi yangu akiwa ameandika chini yake kwa kalamu ya kijani: "Mwalimu Kobelo, umemsalimu mwandishi vizuri sana. Hujamjibu. Rudia, na hii ni mara ya mwisho." Niliudhika. Nilikuwa nimeandika kwamba makala ni mazuri, yana manufaa kwa jamii, na mwandishi anastahili pongezi. Sijui mtu aliyelelewa vizuri angemwambia nini zaidi profesa asiyemfahamu.

Basi, Makala amekaa kwenye benchi ya kliniki. Mahali pa kofia ana kichwa cha habari: "Salamu Ndefu na Upotevu wa Saa za Kazi katika Ofisi za Wilaya." Ni mkubwa kwangu, alichapishwa kabla sijaolewa. Mkononi ameshika saa ya kupimia wakimbiaji. Namwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," anasema, na anaibonyeza saa. "Hizo ni sekunde nne ambazo hatutazipata tena. Twende."

Mlangoni amesimama askari mwenye sare iliyopigwa pasi. Jina lake limeshonwa kifuani: Kwa Mujibu Wa. Haruhusu sentensi yoyote ipite mpaka ajue ni ya nani. Ananipekua kwa adabu.

"Hii ya nani?" anauliza. Ameshika sentensi inayosema kuwa watumishi hutumia saa nzima kila siku kusalimiana.

"Ya huyu mzee."

"Na hii nyingine?"

Ameitoa kwenye mfuko wangu wa nyuma. Imeandikwa: "Hapa amekosea." Sijui ilifikaje huko.

"Ni yangu, nadhani," nasema kwa aibu.

"Yako itasubiri nje. Kwenye muhtasari anaingia mwenye makala peke yake. Zamu yako ipo, usiwe na haraka."

Naiacha sentensi yangu kwenye kiti cha plastiki. Inakunja mikono na kununa, nami sioni wa kuilaumu, maana hata mimi ningenuna.

Ndani kuna mzani wa kliniki, ule wa kuning'inia wenye kaptula ya kupimia watoto. Makala anatakiwa aenee kwenye kaptula. Anaitazama, kisha ananitazama mimi.

"Itabidi upungue, mzee," namwambia.

"Wote husema hivyo."

Anaanza kuvua. Anavua mifano, mmoja juu ya mwingine, mpaka sakafu inajaa maofisa wa wilaya wanaopeana mikono. Majedwali yanatoka nje yenyewe, kwa miguu yake. Anauzuia mkono wangu unapofika kifuani pake.

"Usinivue hoja," anasema taratibu. "Nyingine zote chukua. Nikivuliwa hoja nitakufa kwa baridi."

Kanuni inasema nimvishe tena kwa maneno yangu mwenyewe, nisiguse yake hata moja. Nafungua kapu langu. Maneno niliyotoka nayo nyumbani ni machache: chaki, foleni, kuchungulia, ugali, ngoja kidogo. Natafuta chini kabisa nikitumaini kupata kitu chenye hadhi zaidi, napata "sufuria". Sina la kufanya. Namshonea kwa hayo hayo: mzee huyu anaona kwamba foleni ya wananchi inaambiwa ngoja kidogo wakati watumishi wanachunguliana hali.

Makala anajiangalia kwenye kioo, mbele na nyuma.

"Ni mimi," anakubali. "Nimekonda, lakini ni mimi."

Nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

Sasa hoja yake inahitaji mtu wa kuibeba mpaka chumba cha pili. Wabebaji wamejipanga ukutani: Anaeleza, Anasisitiza, Anabainisha, Anadai. Namkabidhi Anadai kwa sababu ndiye aliye karibu. Makala anasimama ghafla.

"Umempa Anadai mzigo wangu?"

"Kuna ubaya, mzee?"

"Mwangalie anavyoubeba."

Kweli, Anadai ameubeba mzigo mbali na mwili wake, amekunja pua.

"Watu wakimwona yule wanajua mzigo una kasoro," anasema Makala. "Wewe umeiona kasoro?"

"Hapana, mzee. Samahani sana," nasema haraka, kama ninavyosema "hapana" nikiulizwa kama nimekasirika. Mzigo anapewa Anaeleza, mnene, mpole, ambaye hubeba chochote bila kuuliza.

Tunavuka mlango ulioandikwa "Majibu", na hapo si kliniki tena. Ni uwanja wa mahafali. Viti vimepangwa, vipaza sauti vinakoroma, hakuna mtu. Yapo mashada tu, yale ya karatasi zinazong'aa ambayo ndugu humvisha mhitimu shingoni mpaka haonekani uso. Mashada yametapakaa uwanja mzima. Nayasoma moja moja. "Makala ni mazuri sana." "Mwandishi amejitahidi." "Nampongeza kwa dhati." Mengine yamepauka kwa ukale. Ni ya wanafunzi wote waliotangulia.

Makala anapanda jukwaani na kukaa. Mashada yanamfuata. Yanamrukia shingoni, moja baada ya jingine, kwa upole kabisa, mpaka anainama.

Mimi pia nimeshika la kwangu. Ni jipya, la dhahabu na buluu, na nakiri nililiona zuri kuliko mengine. Namvika.

"Asante," anasema kwa sauti ya mtu aliyekaliwa.

Namvika la pili. Askari anachungulia dirishani.

"Umesalimu," anasema Kwa Mujibu Wa. "Kengele inakaribia."

"Ikilia itakuwaje?" namuuliza Makala.

"Wewe unafutwa. Mimi nafungwa." Anavuta pumzi kutoka chini ya mashada. "Makala ambayo hayakujibiwa hufungwa kamba, yanawekwa chini ya ngazi. Baada ya hapo wanaokuja kutuulizia ni wauza karanga wanaotafuta karatasi za kufungia."

Hapo niliogopa kweli. Sikuogopa kufutwa tu. Nilimhurumia. Miaka yote hiyo watu wamepita mbele yake wakimvisha mashada na kuondoka, wala hakuna aliyekaa naye. Nami nina jambo la kumwambia, liko nje kwenye kiti cha plastiki, na mdomo haufunguki, kwa sababu ni mkubwa wangu na amekaa jukwaani.

Nisipojua la kusema huwa najulia hali. Ni mazoea. Nikapanda jukwaani, nikakaa karibu yake.

"Habari za hapa, mzee?"

"Nzuri." Anaibonyeza saa yake.

"Za kazi?"

"Nzuri."

"Na wewe mwenyewe hasa, unaendeleaje?"

Anaitazama saa. Kisha anaisimamisha na kuiweka chini ya kiti.

"Nzuri," anasema Makala. "Ila mgongo."

"Mgongo umefanyaje?"

"Unaniuma, mwanangu. Unaniuma vibaya. Ni haya mashada."

Chupa ya mafuta ya mkaratusi ipo mkononi mwangu, sijui nani amenipa. Namgeuza taratibu, namvua mashada mgongoni, naanza kumchua kwenye ukurasa wake wa mwisho. Karatasi yake ni ya moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Na kwa kuwa sasa simtazami usoni, mdomo unafunguka.

"Mzee, muda uliupima vizuri. Hilo nakubali, na silisemi kukuvika shada."

"Endelea."

"Hata hivyo," nasema. Neno hilo lilikuwa zito, nililitoa kwa mikono miwili. "Hata hivyo, ulipima muda wa salamu, hukupima kinachopatikana humo. Nimekuuliza mara mbili ukanijibu nzuri. Ningeishia hapo, kama unavyoshauri watumishi waishie hapo, ningeondoka nikijua huna tatizo. Kwetu 'nzuri' ya kwanza ni kufungua mlango tu. Habari yenyewe inakuja baada ya 'ila'."

Mgongo wa Makala unalegea chini ya viganja vyangu.

"Ofisini ni hivyo hivyo," naendelea, na sasa sishikiki. "Mwananchi hafiki mezani akasema mume wangu kafariki nataka fomu. Anasema nzuri, nzuri, nzuri, ila. Ukimkata kwenye nzuri ya pili atarudi kesho, na keshokutwa, na kila siku utampima upya na kusema salamu zinapoteza muda."

Mlango unafunguka. Ni Kwa Mujibu Wa.

"Sentensi yako inauliza kama bado unaihitaji."

"Iambie iingie. Lakini ivae vizuri."

Inaingia. Iliyokuwa "Hapa amekosea" imevaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa. Sasa inasomeka: "Hoja hii haijazingatia kazi ya salamu katika kupata taarifa." Haijanuna tena. Anadai anasogea kuibeba, sentensi inamwambia ina miguu yake.

"Nimekuudhi, mzee?" nauliza.

"Umenijibu," anasema Makala. Sauti yake ni ya mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana. Anageuza shingo kunitazama. "Una ushahidi?"

"Wewe mwenyewe. Umesema mgongo unakuuma."

"Mimi ni ndoto. Ndoto hainukuliwi."

"Nitaupata wapi basi? Muda umekwisha."

"Hujanimaliza," anasema. "Chua hapo chini kidogo. Hapo hapo. Kandamiza."

Nakandamiza kwa nguvu zangu zote, na kengele inalia.

Ilikuwa ni simu yangu, kengele ya asubuhi. Nilikuwa nimekaa kitini, nimelalia meza ya chakula, viganja vyote viwili juu ya nakala ya makala, karatasi ya mwisho, yenye orodha ya marejeo. Mume wangu alikuwa bafuni akipiga mswaki. Kila kitu kilikuwa cha kawaida, nikajilaumu kwa kulala badala ya kuandika. Kazi ilitakiwa saa nne asubuhi.

Ndipo niliponusa mkaratusi. Nyumbani kwetu hayajawahi kuwepo mafuta hayo, mume wangu hapatani na harufu yake. Nilinyanyua mikono. Katikati ya ukurasa palikuwa na doa la mafuta, bado bichi, na karatasi ilipolowa ilikuwa angavu kama kioo cha dirisha. Maandishi ya upande wa nyuma yalionekana kinyumenyume. Upande huo sikuwahi kuusoma. Niligeuza.

Zilikuwa shukrani za mwandishi, herufi ndogo kabisa, mistari michache. Anamshukuru mkuu wa idara, anawashukuru wasaidizi. Kisha anasema: "Kwa namna ya pekee namshukuru Bi. Mwanaidi, karani wa masjala, ambaye asubuhi ile nilimjibu mara mbili kuwa hali yangu ni nzuri, naye akaniuliza mara ya tatu. Bila yeye nisingefika hospitali, na makala haya yasingeandikwa."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilisoma tena nikiwa nimekaa. Kisha nilivuta karatasi safi nikaandika, bila kufuta hata neno moja: "Hata hivyo, kwa mujibu wa mwandishi mwenyewe."

Makala hayo nilikuwa nimeyasoma mwanzo mpaka mwisho zaidi ya mara moja, na kila mara niliishia kwenye marejeo. Shukrani niliziruka. Niliona ni salamu tu, zitanipotezea muda.