Marafiki Saba wa Mahakama

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, karani wa dirisha namba tatu aligonga muhuri kwenye jalada la kijani, na jalada likakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, mara mbili, kisha koo likasafishwa kama la mtu anayejiandaa kuhutubia. Karani alisema "pole," maana ndivyo alivyolelewa, akavuta nakala ya pili na kuigonga muhuri. Nayo ikakohoa. Zilikuwa nakala sita. Kufikia ya nne aliacha kusema pole, akamsogezea kitabu cha mapokezi tarishi aliyezileta, naye akatia sahihi huku akitazama saa yake.

Jalada lilitoka kwa chama kilichojiita Umoja wa Wapenda Usafi. Lilihusu kesi ya madobi kumi na wawili wa hospitali, wote wanawake, waliokishtaki kiwanda cha sabuni. Kwa miaka tisa walifua mashuka kwa sabuni ya unga ya kiwanda hicho, mpaka ngozi ya viganja ikalika. Walitaka sabuni iondolewe na mikono yao itibiwe, basi. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa dada yake karani, yule aliyemlea baada ya mama yao kufariki.

Karani hakuficha undugu huo. Alijaza fomu ya maslahi, nakala tatu, akaeleza mpaka mara ngapi kwa wiki hula kwa dada yake. Msajili aliisoma yote na kumruhusu aendelee, kwa kuwa kazi ya karani ni kugonga muhuri, si kuamua.

Sasa, sheria inamruhusu mtu asiye na kesi kuiandikia mahakama ushauri kwa nia njema, na mtu huyo huitwa rafiki wa mahakama. Wiki ile mahakama ilipata marafiki saba, Umoja ule ukiwa wa kwanza. Walikuja wataalamu wa uchumi, wakaja watetezi wa walaji, wakaja hata wazazi waliojali afya za watoto. Wote walisema sabuni haina kosa, kosa ni la madobi wasiovaa glavu. Na majalada yao yote yalikohoa kwa kifua kimoja.

Alhamisi karani alikwenda kwa msajili.

"Mheshimiwa, majalada ya marafiki yanakohoa."

"Yote?"

"Yote saba. Ni mtu mmoja. Nadhani ndiye anayeyalipia."

Msajili alifungua kitabu cha kanuni, maana alikuwa mtu makini. "Kanuni inataka nakala sita, jina la chama, anwani na jalada la kijani. Ni la kijani?"

"Ni la kijani."

"Kuna mahali imeandikwa tuulize nani kalipia?"

"Hakuna."

"Basi pokea. Yaweke karibu na dirisha yapate hewa."

Karani aliyaweka karibu na dirisha. Ijumaa dada yake alikuja kuchukua hati yake ya kiapo, iliyokuwa imekataliwa. Hakujua kuandika, kwa hiyo alikuwa ametia dole gumba, na dole lake liliacha duara jeusi tupu, bila mstari hata mmoja. Sabuni ilikuwa imeifuta mistari yote. Mahakama ilitaka uthibitisho kwamba yeye ni yeye.

"Nilete nini tena, mdogo wangu?" aliuliza.

"Barua ya daktari. Na ile fomu ya kuomba msamaha wa ada, hujamaliza. Wanataka kujua nauli ya kuja hapa umepewa na nani."

"Si umenipa wewe?"

"Ndiyo. Inabidi iandikwe."

Akamwandikia. Aliandika pia idadi ya sufuria za dada, na kwamba kitanda alichokuwa akilalia ni cha kuazima. Karani aliona aibu, ingawa si yeye aliyeitunga fomu. Karibu na dirisha jalada moja likakohoa, na mengine sita yakafuata.

Dada aliinamisha kichwa akasikiliza. "Huyo ni mwenye kiwanda," alisema. "Alikuja hospitalini kutugawia aproni. Hotuba nzima alikohoa hivyohivyo."

"Najua, dada."

"Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," dada alisema. "Kumbe anaipenda mahakama kiasi hiki."

Walicheka kidogo, kisha wakaacha, maana foleni ilikuwa ndefu.

Siku ya kesi mwenye kiwanda aliketi safu ya tatu, suti ya kijivu, miguu ameikunja. Jaji alipofungua jalada la kwanza, likakohoa. Mwenye kiwanda naye akakohoa, si kwa kusudi, kifua tu kilimbana, na majalada yote saba yakamwitikia mezani kwa jaji. Wakili wa madobi alisimama. Alikuwa kijana anayewatetea bure, na suti yake ilimpwaya mabegani.

"Mheshimiwa, naomba marafiki hawa waulizwe nani amewalipia."

Wakili wa kiwanda alisema swali hilo ni vitisho kwa raia wema wanaotoa maoni yao. Jaji alitafakari.

"Mahakama imesikia kikohozi," alisema. "Haijatia masikio pamba. Lakini kanuni haimtaki anayekohoa ajitaje. Wewe, wakili, nani anakulipa?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Lete hati ya kiapo kuthibitisha hilo kabla ya saa nane."

Kisha akaagiza jagi la maji liwekwe karibu na majalada, na kesi ikaendelea.

Hukumu ilitoka baada ya wiki tatu. Madobi walishindwa. Jaji aliandika kwamba kilichomgusa zaidi ni jinsi vyama saba visivyojuana vilivyofikia rai moja, karibu kwa maneno yaleyale, jambo ambalo haliwezi kutokea ila pale penye ukweli. Wasemao mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, siku ile walisikia nusu ya kwanza tu.

Nakala za hukumu zilishuka dirisha namba tatu alasiri hiyo. Karani aliivuta ya dada yake. Aliigonga, na muhuri ukakaa upande. Hukumu ilikohoa, mara mbili, kisha ikasafisha koo.

Dada alitia dole kwenye kitabu cha mapokezi. Lilitoka duara jeusi, na pembeni yake karani akaandika, kama kanuni inavyotaka, kwamba alama haisomeki. Alimpa karatasi.

Dada aliipokea kwa viganja vyote viwili, taratibu, kwa sababu kingo za karatasi zilimchoma. Ikakohoa tena mikononi mwake.

"Pole," dada alisema.

Ndiyo pole pekee iliyotolewa katika jengo lile siku hiyo. Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, na karani akaita anayefuata.