Viatu vya Mkaguzi wa Bomba

Jumanne saa nane mchana, karani wa dhamana katika duka la viatu alijaza maji kwenye beseni la plastiki hadi kwenye mstari wa bluu. Akakishindilia gazeti kavu kiatu cha kulia, akakitumbukiza mpaka chini kidogo ya matundu ya kamba, kisha akaangalia saa. Kipimo kilitakiwa kuchukua nusu saa. Dakika ya nne alilitoa gazeti, likamkatikia mkononi kama uji uliopoa.

Mwenye kiatu alikuwa amesimama upande wa pili wa dirisha, soksi mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mkaguzi wa bomba kuu la maji. Kila siku isipokuwa Jumapili alitembea kando ya bomba hilo, kutoka kwenye chanzo hadi kwenye matangi ya mji, akitafuta mahali linapovuja. Njia yake ilipita kwenye majani marefu yenye umande, na ilikatisha kijito kimoja ambacho maji yake hayakuzidi vifundo vya miguu. Viatu alivinunua kwa sababu ya maneno yaliyochapwa kwenye boksi: HAVIPITISHI MAJI, DHAMANA MIAKA MIWILI. Vilikuwa na miezi mitano, na hii ilikuwa mara yake ya tatu kuvileta.

"Unapaona hapo?" alisema. "Kinapokaa kidole kidogo. Ndani hapakuzibwa. Mimi, mwanangu, miaka ishirini na sita kazi yangu ni kujua maji yanapita wapi."

Karani alikuwa anapajua. Kwenye droo yake, chini ya boksi la pini, kulikuwa na waraka kutoka makao makuu. Ulisema kwamba shehena nzima ya viatu hivyo ilitoka kiwandani bila utepe wa kuziba mshono, na kwamba madai yote yajibiwe kwa maneno mawili tu: matumizi yasiyofaa. Meneja aliusoma waraka ule kwa sauti ya chini, akamwambia karani asaini kuwa ameuelewa, na karani akasaini.

"Unavianika wapi?" aliuliza, akifuata fomu.

"Kivulini. Kama kikaratasi chenu kinavyosema."

"Umewahi kuingia navyo kwenye maji?"

Mkaguzi alimtazama. "Si ndiyo kazi yake, baba?"

Karani aliandika: *Kwenye maji, ndiyo.* Kisha akagonga muhuri wa matumizi yasiyofaa. Alimwambia mama huyo pole, ni utaratibu. Mkaguzi aliikunja nakala yake mara nne, akavaa soksi zilezile mbichi, akavaa na viatu.

"Haya. Ahsante kwa muda wako," alisema, akaondoka akichechemea, maana ngozi katikati ya vidole vyake ilikuwa imechanika. Karani alimfuata kwa macho mpaka mlangoni. Angetukanwa, siku ingepita kama siku nyingine. Ile ahsante ndiyo iliyomfuata hadi nyumbani.

Asubuhi ya pili yake, saa moja na dakika ishirini, alikuwa mezani kwake amekwisha kuvaa kwenda kazini, anakunywa chai. Alihisi unyevu kwenye vidole. Kilikuwa kiangazi na sakafu ilikuwa kavu. Unyevu ukapanda taratibu, ukafika nyayoni, na ilipofika saa mbili kasoro dakika kumi maji ya baridi yalijaa viatu vyote viwili kwa mpigo, yakafurika kwenye zulia.

"Umekanyaga wapi?" mkewe aliuliza.

"Sijatoka."

"Basi vua, unaniharibia zulia."

Karani alivua kiatu, akakimiminia kwenye kikombe. Kikombe kilijaa. Maji yalikuwa maangavu, na juu yake zilielea mbegu mbili za majani. Mama mkwe wake, aliyekuja kukaa nao kwa ajili ya matibabu ya macho, alikisogeza kikombe puani.

"Haya ya mlimani haya," alisema. "Msiyamwage ovyo. Si tumetangaziwa mgao?"

Akayachukua akafulia vitambaa vyake.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Saa moja na dakika ishirini yalianza kama umande, saa mbili kasoro dakika kumi yalikuja kwa wingi, na yaliendelea kudondoka mpaka saa nne. Jumapili hayakuja. Karani alijaribu kandambili, maji yakatokea katikati ya vidole. Alijaribu mabuti ya mpira, akawa anatembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili kwa miguu. Kazini, meneja alimtandikia mkeka wa mpira na kumhamishia kiti karibu na tundu la kutolea maji sakafuni.

"Mradi yasifike kwenye maboksi," alisema.

Dada wa mauzo, ambaye ndiye aliyekuwa anapiga deki, alikuwa akimkaribisha kila asubuhi kwa kusema, "Bomba letu limefika," na wateja walicheka kidogo kisha wakaendelea kujaribisha viatu.

Wiki ya pili, kwenye kiatu cha kushoto, alikuta kiluwiluwi. Kilikuwa hai. Alikitia kwenye glasi, akakaa nacho mezani, akakitazama kikizunguka. Hakukuwa na wa kumweleza na hakuhitaji maelezo. Mkaguzi alikuwa amemwambia mara ya kwanza alipofika dirishani, na yeye mwenyewe aliandika kwenye fomu: saa moja kamili naanza kwenye chanzo, saa mbili kasoro navuka kijito.

Mchana wa siku hiyo alilitoa faili la mkaguzi kabatini. Alichukua kalamu ili akate yale maneno mawili na aandike juu yake: kasoro ya kiwandani. Kalamu ilikuwa nzima na wino ulikuwamo. Alikaa nayo mpaka meneja alipopita nyuma yake akipiga mluzi, kisha akalirudisha faili mahali pake.

Akaanza kujiambia kwamba kulowa kwenyewe kunatosha. Mtu anayeamka kila siku kwenda kulowa, aliwaza, hadaiwi tena. Aliuzoea ule ubaridi. Ilifika wakati akauonea hata fahari, akawa anakaa wima kitini maji yakimpanda, kama mtu aliye kwenye mfungo. Wakati huohuo aliendelea kugonga muhuri, kwa mwalimu, kwa muuza magazeti, kwa bwana na bibi waliokuja pamoja na jozi mbili. Wote aliwapa pole.

Wiki ya saba, mchana, mkaguzi alirudi. Safari hii hakuwa na soksi mkononi. Viatu vilikuwa miguuni na alitembea sawasawa. Karani alisimama, na viatu vyake vikatoa sauti ya kufyonza.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi," mkaguzi alisema.

"Kwa lipi, mama?"

"Niliwasingizia. Viatu ni vizima. Tangu siku ile nilipotoka hapa navuka kijito, na soksi ni kavu kama zilivyotoka kabatini. Vidole vimepona. Na mimi niliwasema vibaya, nikawasema hata kazini kwetu. Nimeona ni aibu nisipokuja kulitamka hilo mwenyewe."

Meneja, aliyekuwa akipanga maboksi, alitua boksi chini. Alikuja na karatasi nyeupe na kalamu yake mwenyewe.

"Mama, unaweza kutuandikia maneno hayo?"

Mkaguzi aliandika kwa mwandiko wa wima, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika ripoti, akaweka tarehe na saa. Meneja alisoma, akasoma tena, akaenda chumba cha nyuma kutoa nakala.

Mkaguzi alipokuwa anazungusha kifuniko cha kalamu, kikamponyoka, kikabingirika chini ya kaunta. Aliinama kukiokota. Hakuinuka. Karani alimwona akipiga goti, akichovya kidole kwenye maji yaliyobaki juu ya mkeka, akikinusa kidole hicho, kisha akifuata maji kwa macho hadi yalikotoka.

"Unavuja," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Jumatano ile. Kesho yake ulipotoka hapa."

"Saa ngapi?"

"Saa moja na dakika ishirini yanaanza kidogo kidogo. Saa mbili kasoro dakika kumi yanakuja mengi."

"Saa mbili kasoro dakika kumi nipo kijitoni."

"Najua."

Mkaguzi aliinuka, akishikilia kaunta. Alimwangalia karani kwa namna ambayo bila shaka aliliangalia bomba, bila hasira, akitafuta tu penye tatizo. Droo yenye waraka ilikuwa inagusa goti la karani. Alitakiwa kuivuta tu. Chumba cha nyuma mashine ya nakala ilikuwa ikiguruma.

"Mama," alisema, "viatu vile..."

Mashine ikanyamaza.

"Viatu vile vimefanyaje?"

"Sijui ilivyotokea," karani alisema.

Mkaguzi alitikisa kichwa polepole. "Pole sana, mwanangu. Maji yangu yaje kukusumbua wewe, na wewe ulikuwa unafanya kazi yako tu." Alifikiri. "Kuna daraja la magari kule chini. Nikizunguka huko sigusi kijito. Ni mwendo wa saa nzima zaidi, lakini naweza kuondoka mapema."

"Na umande?" karani aliuliza. Swali lilimtoka kabla hajalipima, na masikio yakamwaka moto.

"Kweli, na umande." Mkaguzi hakuonekana kuudhika. "Basi nitafuata barabara. Nitakuwa nashuka bombani pale panaponitia wasiwasi, jua likishapanda. Usijali. Mimi miguu yangu imezoea."

Hapo karani alitakiwa kukataa. Alilijua jambo hilo kama alivyolijua jina lake.

"Ahsante, mama," alisema.

Meneja alirudi na nakala ikiwa bado ya moto, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, maandishi yakitazama nje, akasugua pembe zake kwa kidole gumba zisibanduke. Mkaguzi aliwaaga wote wawili, kila mmoja kwa mkono.

Jumatatu iliyofuata miguu ya karani ilikaa mikavu. Saa moja na dakika ishirini hakuhisi kitu. Saa mbili kasoro dakika kumi hakuhisi kitu. Chai ilimpoa mbele yake huku mkaguzi akiitembea ile saa ya ziada mahali pengine. Mkewe alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana.

Saa tatu alifungua dirisha. Wa kwanza alikuwa fundi wa nyaya za simu, mtu mzima mwenye mvi pembeni, na jozi ya viatu ndani ya mfuko. Karani alimwonyesha barua kwenye kioo, akamwomba aisome kwanza. Fundi aliisoma yote, midomo ikichezacheza. Kisha akavitazama viatu vyake kwa muda mrefu.

"Labda ni mimi nisiyejua kuvivaa," alisema.

Karani alivuta fomu, akampa kalamu, akamwonyesha pa kusaini.