Duara la Vumbi

Uso wa marehemu uliganda kwenye skrini ukiwa nusu. Jicho la kushoto lilibaki tulivu, kama lilivyopigwa picha kwenye harusi ya mtu mwingine. La kulia lilikuwa limemezwa na mistari ya kijani, kisha kompyuta ikazimika. Pauline, karani wa duka la uchapaji, aliondoa vidole kwenye kibodi, akawatazama ndugu waliosimama mlangoni. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Jeneza lilikuwa limekwisha kutoka mochari, na kati ya ratiba mia mbili za mazishi hakuna hata moja iliyokuwa imechapishwa.

Hiyo ilikuwa mara ya kumi na moja tangu kompyuta iwekewe kadi mpya ya picha. Bichage, mwenye duka, ndiye aliyeitaka. Mwaka huo wa 1998 Homa Bay ilizika kila wiki, na wateja walikuwa wamechoka kuwaona watu wao kwenye skrini wakiwa na ngozi ya rangi ya majivu. Mirumbe, fundi kutoka Migori, aliiweka kadi hiyo kwa mkono wake. Tangu hapo nyuso zilikuwa na rangi ya nyuso, lakini kompyuta ilizimika ilipotaka.

Jumatatu Mirumbe alirudi, mara ya tatu. Alipima umeme, akabadilisha kumbukumbu ya kompyuta, akaweka upya programu inayoendesha kadi. Kisha akaketi mbele ya mashine kwa saa sita, akifungua picha moja baada ya nyingine. Haikuyumba.

“Inakuogopa, fundi,” Pauline alisema. “Ukishika tu barabara ya Migori, inaanza.”

“Mashine haina woga, mama. Ina sababu.”

“Basi hata hiyo sababu inakuogopa.”

Mirumbe hakucheka. Alikuwa ameondoa kila kitu kinachoweza kuondolewa, na kilichosalia kilikuwa mtu. Aliandika kwenye karatasi ya ripoti: *Mashine haina hitilafu. Huzimika inapotumiwa na karani akiwa peke yake.* Alijua sentensi hiyo ingefanya nini. Kiti kile kililisha watoto wawili wa Pauline na watatu wa marehemu dada yake. Pauline alikuwa amemwambia mwenyewe. Lakini ukweli hauna watoto, Mirumbe alijiambia, akatia sahihi.

Pauline alifukuzwa siku iliyofuata. Akaajiriwa Robi, msichana aliyetoka kumaliza masomo ya ukarani, na kwa wiki tano kompyuta haikuzimika hata mara moja. Bichage alituma salamu Migori: fundi alisema kweli.

Salamu hizo zingemtosha mtu mwingine. Mirumbe hakuipenda hitilafu iliyoondoka bila kutengenezwa. Ilimkaa kama mwiba uliokatikia unyayoni. Alikwenda Homa Bay bila kuitwa, akamuuliza Robi amebadilisha nini.

“Sijabadilisha kitu. Nilikuta tu kwenye droo kitambaa cha yule mama aliyekuwepo. Nimekiacha humo.”

Kilikuwa kitambaa cheupe cha sufu, kizito, kimefumwa maua, kama vile vinavyotandikwa juu ya redio na viti vya wageni. Kwenye pindo lake palikuwa na duara la vumbi la kijivu, lenye mistari inayokatiza katikati. Mirumbe alikichukua, akakiweka juu ya kompyuta, akaliacha pindo lishuke nyuma. Duara lilikaa sawasawa juu ya wavu wa feni. Kadi ya zamani haikuwa na joto la kutajwa. Hii mpya ilikuwa nalo, likazibiwa pa kutokea mpaka mashine ikazimika.

Alimweleza Bichage yote.

“Kwa hiyo ni yeye,” Bichage alisema.

“Alikuwa akiikinga na vumbi. Hakuna aliyemwambia.”

“Lakini aliyeifunika ni yeye?”

“Ndiye.”

“Basi bwana, karatasi yako iko sawa. Ng’ombe wangu sasa anatoa maziwa. Unataka nimrudishe mkamuaji aliyeshindwa naye?”

Mirumbe aliisoma tena karatasi yake pale pale, akitafuta neno la uongo ili alikate. Hakulipata.

Akiwa amekibeba kitambaa, alimkuta Pauline nyumbani kwake nyuma ya soko, akiparua samaki wa watu. Magamba yalikuwa yamemganda mpaka kwenye viwiko. Alinawa, akamkaribisha kwenye kiti pekee, akasikiliza bila kumkatiza.

“Kila ulipokuja nilikitoa,” alisema mwishowe. “Nani humwachia fundi kitambaa juu ya kazi?” Akabandua gamba lililosalia kiwikoni. “Kwa hiyo yule wa Ijumaa aliyezikwa bila sura yake. Ni mimi.”

Mirumbe alikuwa na jibu sahihi. Kwa mara ya kwanza alitafuta jingine.

“Ulikuwa ukiitunza,” alisema. “Sikukuuliza unaitunzaje.”

Pauline aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa. Aliwasha jiko, akachemsha chai. Kisha akakichukua kile kitambaa, akakikung’uta mara mbili, akakitandika kwenye kigoda mbele ya mgeni, kama inavyotakiwa. Lile duara lilibaki juu, halikufutika.

“Karibu chai, fundi.”

Mirumbe alikishika kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, asipate pa kukiweka.