Udongo wa Mtoni Juu ya Mawe

Umekwisha kuona mtu akisukuma shamba lake kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo? Huku Mugunga si ajabu. Chini ni mawe meusi ya volkano. Anayetaka mboga huleta udongo wa kwingine, akaumwaga juu yake.

Nabintu alikimbia vita Masisi, akafikia kwa mwanawe Baharanyi. Hakuomba kitu. Lakini Baharanyi aliposema atamwaga simenti nyuma ya nyumba, aweke meza ya kuuzia mafuta, usingizi ulimpaa mama yake. Akamnong'oneza mkamwana wake, Émérance: "Tuma watu kwenye pori la mtoni, kule Sake. Maji yakifurika yanaacha udongo munono."

Udongo ukaja unachuruzika maji, umejaa majani. Wakapanda lenga-lenga, mchicha wa huko. Zikaota, zikadumaa, zikageuka njano.

"Mama, hizi mboga ziko na homa ya manjano?" Baharanyi akacheka. "Tuzipeleke hospitali! Mvua ikiisha, namwaga simenti."

Nabintu akachota udongo, akaunusa. Yai bovu! Akajipiga paji la uso. Kwao, udongo wa pori lile huchotwa kiangazi, si maji yakiwa yameondoka jana. Udongo uliozama majini hauna pumzi. Na majani mabichi hula nguvu yake kwanza, yakisha kuoza ndipo huirudisha. Haraka ilimsahaulisha.

"Tuzing'oe," akamwambia Émérance. "Tuugeuze udongo, tungoje."

"Tungoje mpaka lini, mama? Bwana yangu amekwisha kuita fundi."

"Jua haliitwi kama fundi, binti yangu. Tungoje."

Wakawa wanaugeuza kila asubuhi. Mvua zikapungua. Mchanga wa simenti ukaletwa, ukamwagwa mlangoni. Nabintu akawa anaupita bila kuutazama. Polepole majani yakalainika, yakawa meusi, ile harufu ikaisha. Siku moja jembe likafukua nyungunyungu mnene: udongo ulikuwa na pumzi tena. Nabintu akapiga kigelegele peke yake. Wakapanda upya.

Fundi alipokuja, Baharanyi alimpeleka nyuma ya nyumba, akasita. Lenga-lenga zilifunika mawe, majani mapana kama viganja, kijani kilichokolea.

"Sasa meza yangu?"

"Weka mbele, kwenye njia!" Émérance akamjibu. "Ao wateja watapitia jikoni?"

Hata fundi alicheka. Baharanyi akachuma jani, akalitafuna bichi. "Haya. Simenti inaenda mbele." Nabintu akashusha pumzi ndefu, akaketi juu ya jiwe.

"Lakini mama, kwa nini hukuniambia kama unapataka hapa?" Baharanyi akauliza.

"Niko mugeni kwako, mutoto wangu."

"Mugeni? Mama yangu? Sema sasa."

Akaipangusa mikono kwenye kitenge.

"Nataka kulima," akasema. "Tangu nilifika hapa, nilitaka kulima tu."